Embe la Januari, Achari ya Julai

Kuanzia mwishoni mwa Desemba, ukitoka Muheza kushuka Tanga mjini, maembe yamepangwa kando ya barabara kwa mafungu na kwa ndoo, na bei ya asubuhi siyo ya jioni. Dodo, boribo, sindano, sikio la punda; kila aina na wapenzi wake. Ikifika katikati ya Januari hata watoto wamekinai. Maembe yanadondoka usiku juu ya mabati, asubuhi yanafagiwa pamoja na majani, na mbuzi nao wanachagua. Mwembe hauna habari na soko. Ukishazaa, huzaa kwa wiki chache mzigo ambao nyumba nzima haiwezi kuumaliza, kisha hunyamaza miezi mingi. Katika ua wa namna hiyo mtu mmoja tu ndiye haoni hasara: yule mwenye kisu kikali, ungo mpana, na chupa alizoziweka akiba tangu Ramadhani iliyopita.

Huyo ndiye ninayetaka kumsifu. Tunawasifu waliochonga milango ya Lamu na Unguja, tunawasifu waunda majahazi, na tunafanya vyema. Lakini aliyefanya embe la Januari liliwe Julai tunamwambia tu achari yako tamu, tunachovya tena, basi. Naona tunampunja. Kazi yake ina vipimo, ina hatua zisizorukwa, ina dalili za kusomwa kwa jicho, kwa pua na kwa ncha za vidole. Tena ina ugumu ambao seremala hana: seremala akikosea, ubao unapasuka mbele ya macho yake. Fundi wa achari akikosea, habari humfikia baada ya wiki tatu, siku kifuniko kinapofunguliwa.

Ufundi huu ni wa zamani katika mwambao wetu. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikirimiwa, naye akaeleza kwa makini alichoandaliwa: wali uliotiwa samli, mchuzi, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na chombo cha maziwa ya mgando kilichofuatana na malimau ya achari, pilipili iliyolowekwa katika siki na chumvi, tangawizi mbichi, na maembe. Ilibidi awaeleze watu wa kwao embe ni kitu gani. Akasema ni tunda lenye kokwa, likiiva ni tamu sana, na likiwa bado bichi ni kali kama limau, kwa hiyo hutiwa katika siki. Kutoka hapo alipanda chombo akaelekea Mombasa na Kilwa. Ina maana kwamba karibu miaka 700 iliyopita kulikuwa na watu katika pwani hii ambao walishajua kipi kifanywe kwa embe lililopea lakini halijaiva, na walikuwa wanakiweka mbele ya mgeni bila kujieleza. Jambo moja tu lilikuwa tofauti. Pilipili za kuwasha tunazosaga leo asili yake ni Amerika, na zilifika katika bahari yetu kwa merikebu za Wareno, zaidi ya karne moja na nusu baada ya ziara ile. Aliyewasha ulimi wa Ibn Battuta alitumia jamaa wa pilipili manga.

Siri yenyewe, ukiivua viungo vyote, ni maji. Embe bivu ni maji kwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wake, na kuvu, hamira na bakteria wote wanayahitaji maji hayo kama sisi tunavyoyahitaji. Anayehifadhi tunda anafanya kila hila ili wasiyapate. Jua linayaondoa waziwazi. Chumvi inayavuta kutoka ndani ya nyama ya tunda, na yale yanayobaki inayafunga yasinyweke. Sukari hufanya vilevile, ndiyo maana tende zilizokandamizwa katika makanda ziliweza kutoka Omani na Basra zikavuka bahari katika joto la ngama, wiki kwa wiki, zikashushwa Mombasa na Unguja zikiwa salama: zaidi ya nusu ya uzito wa tende ni sukari. Siki na ndimu zina njia nyingine, zenyewe huacha maji yawepo lakini huyafanya makali yasiyokalika. Moto huua kilichopo, na kifuniko humzuia atakayekuja. Achari nzuri hutumia karibu hila zote hizi kwa pamoja, ndiyo sababu huishi muda mrefu kuliko jamu, na muda mrefu kuliko hata hamu ya mwenye nayo.

Shangazi yangu, anayeishi upande wa Pangani, hutengeneza achari ya embe kila kaskazi. Ukimwendea siku ya kukata, baada ya shikamoo na marahaba, swali lake la kwanza halihusu habari za nyumbani. Huuliza: "Mikono mikavu?" Kama hujui jibu, kaa pale kwenye kiti, utaletewa chai.

Kazi huanzia mtini. Embe la achari linatakiwa liwe limepea, yaani limekomaa kokwa, lakini lisiwe limeanza kulainika. Changa mno lina uchungu na likikauka halibaki kitu. Lililokwisha kugeuka rangi litayeyuka ndani ya chupa na kuwa uji. Kati ya hali hizo mbili kuna siku chache tu. Hulibonyeza karibu na kikonyo, hulikwaruza ganda kwa ukucha na kunusa. Hulikata likiwa na kipande cha kikonyo, kisha hulipindua lichuruzike utomvu chini kabla ya kuliingiza ndani, kwa kuwa utomvu wa embe unaunguza ngozi na ukikaukia juu ya ganda huacha uchungu na madoa meusi. Nimeona watu wakiliruka hilo kwa haraka zao, na nimeionja achari yao.

Baada ya kuosha huja hatua ambayo mgeni huiona ya kupoteza muda. Kila embe hupanguswa kwa kitambaa, moja moja, kisha yote hutandazwa penye upepo mpaka yasiwe na hata unyevu wa kupumua juu yake. Ndipo kisu kinaposhikwa. Vipande hukatwa pamoja na ganda, unene wa kidole kidogo, na kazi yote ya mkono hapo ni kuvilinganisha. Usawa huo hauna uhusiano na urembo. Kipande chembamba kitakuwa kimekuwa kijiti wakati jirani yake mnene bado anaficha maji katikati, na hicho kimoja chenye maji kinatosha kuharibu chupa nzima.

Halafu chumvi na manjano. Shangazi hupenda chumvi ya mawe, ile ya chembe kubwa inayovunwa katika mabwawa ya pwani hiyohiyo, kwa sababu huyeyuka polepole na kuvuta polepole. Vipande vinakandwa kwa vidole mpaka vyote viwe vimepakwa, vinafunikwa, vinalala. Asubuhi beseni lina maji ambayo hakuna aliyeyatia. Yametoka ndani ya embe usiku kucha, makali, ya manjano, yenye chumvi. Wasiojua huyamwaga. Yeye huyachuja na kuyaweka juani katika bakuli lake, kwa kuwa baadaye yatarudishwa katika achari na kupunguza mahitaji ya siki. Achari iliyorudishiwa maji yake mwenyewe ina ladha ya embe hata mwezi wa sita, ilhali ile iliyojazwa siki ya dukani peke yake ina ladha ya dukani.

Sasa ni zamu ya jua, na hapa tunda na majira vimekutana kama waliopatana. Vuli imekatika, masika bado haijapiga hodi, na kaskazi inavuma joto na ukavu mwingi kuliko wakati wowote wa mwaka. Mavuno makubwa ya maembe ya mwambao huangukia katika dirisha hilohilo. Hata hivyo pwani ni pwani, hewa yake haikauki kabisa, kwa hiyo kuanika si kutandaza na kuondoka. Vipande hutandazwa juu ya ungo na mikeka iliyoinuliwa kwa vigingi, hewa ipite chini na juu, na chandarua safi hufunikwa kwa ajili ya nzi. Huanikwa kama saa tatu, umande ukishakwisha. Hugeuzwa adhuhuri. Huanuliwa saa kumi, jua likiwa bado linaonekana, na mtu asiyejua atadhani fundi ameharakisha. Hakuharakisha. Kinachosubiriwa baada ya saa kumi ni unyevu wa jioni, na tunda lililokauka nusu hunywa unyevu kwa pupa. Usiku mmoja wa kusahau juu ya ungo unaweza kurudisha kazi ya mchana mzima, na usiku wa pili huleta kuvu.

Siku ya kwanza ngozi ya kipande hukauka na kung'aa. Siku ya pili kingo hujikunja. Kutoka hapo ni vidole. Shangazi hukichukua kipande kati ya kidole gumba na cha shahada, akakibonyeza akitazama pembeni, maana macho hayasaidii hapo. Anachotafuta ni nje pasiponata na ndani panapoitikia kidogo. Kikiwa kikavu kupita hapo kitakuwa kigumu kutafuna na hakitanywa viungo. Kikiwa na maji zaidi kitachacha. Nilimwomba aniambie ni saa ngapi za jua. Alicheka akasema, "Jua la leo silo la jana, mwanangu."

Viungo hukaangwa bila mafuta, kila kimoja peke yake, kwa sababu haviivi kwa mwendo mmoja. Haradali hupasuka haraka. Bizari nyembamba hutaka moto mdogo na kutikiswa. Uwatu ndio wa kuogopwa: ukipitiliza kidogo tu huwa mchungu, na uchungu wa uwatu hauna dawa, hauondolewi na sukari wala ndimu. Huponda thomu na tangawizi, husaga pilipili kavu, huchemsha siki na kuiacha ipoe. Mafuta nayo huchemshwa na kuachwa yapoe kabisa. Hilo la kupoa limeachwa na wengi wenye haraka, wanaomimina mafuta ya moto juu ya embe. Wanapata kitu kitamu, ila kimepikwa, kimelegea, hakina ule mkatiko wa jino.

Chupa zimeshachemshwa na kukaushwa juani, midomo ikitazama chini. Vipande vilivyochanganywa na viungo, siki na yale maji ya embe hujazwa kwa kushindilia kidogo kidogo, na mpini wa mwiko huzungushwa ubavuni kutoa mapovu ya hewa. Mwisho mafuta humiminwa mpaka yafunike kila kipande. Mafuta hayo ni kifuniko cha kwanza, kwa kuwa kuvu haliwezi kuota pasipo hewa. Lakini hapa niseme jambo ambalo mapishi mengi hulipita. Mafuta peke yake si ulinzi. Bakteria aitwaye Clostridium botulinum hupenda mahali pasipo hewa, na sumu yake huua. Kinachomzuia katika achari ni ukali: pH ikiwa chini ya 4.6 hawezi kuota. Embe bichi, ndimu na siki ziko chini sana ya mpaka huo, ndiyo maana achari ya kwetu imelisha vizazi bila kisa. Thomu mbichi iliyotiwa ndani ya mafuta matupu na kuachwa kabatini ni jambo jingine kabisa, isifanywe.

Kisha ni kungoja. Chupa hukaa dirishani wiki mbili au zaidi, hutikiswa kila siku, mafuta hupanda na kugeuka rangi ya dhahabu nzito. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, ila huyu wa achari huvumilia kuliko wote ili ale bichi. Ikishafunguliwa, sheria ni moja na haina msamaha hata kwa mgeni wa heshima: kijiko kikavu. Tone la maji kutoka kijikoni ni mwaliko kwa kila kilichozuiwa tangu Januari.

Achari ya ndimu ni rahisi zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo iliyo karibu na ufundi mtupu, kwa sababu haina pa kujificha. Ndimu za njano zenye ganda jembamba hupasuliwa mara nne bila kutenganishwa, hujazwa chumvi ndani, hushindiliwa katika chupa pamoja na juisi yao, hufungwa, huwekwa juani mchana na kuingizwa ndani usiku. Hakuna moto. Baada ya wiki kadhaa ganda gumu limekuwa laini, rangi imegeuka kahawia, uchungu wa ganda umekwenda, na ile juisi imekuwa nzito. Pilipili hutiwa mwishoni, au haitiwi. Ukila na wali wa nazi na samaki wa kuchoma utaelewa kwa nini mtu wa Mogadishu hakuona haya kumpa msafiri.

Kukausha tunda lililoiva likawa tamu, bila kiungo chochote, ni kazi ya aina nyingine. Hapa chumvi haipo, siki haipo, ukavu peke yake ndio unaobeba mzigo, na makosa hayana pa kuegemea. Embe linatakiwa bivu lakini gumu kiasi. Humenywa, hukatwa slesi za unene ulio sawa, milimita sita au saba hivi, huchovywa katika maji ya ndimu ili lisigeuke jeusi, hupangwa juu ya wavu bila kugusana. Na halianikwi kwenye jua la wazi. Jua kali la moja kwa moja hufifisha rangi na kuharibu ile karotini inayotupa vitamini A, yaani huondoa kilekile kilichomfanya mama amkaushie mtoto. Siku hizi vikundi vingi hutumia kaushio la jua, sanduku la mbao lenye karatasi ya nailoni juu, sehemu iliyopakwa rangi nyeusi ya kupasha hewa joto, na matundu ya kuingiza hewa chini na kuitoa juu. Ndani ya sanduku joto la nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi linatosha. Likizidi sana mwanzoni, nje ya slesi hufunga kwa ukavu na kuyafungia maji ndani. Unaondoa kitu kinachoonekana kimekauka, na baada ya mwezi kina kuvu katikati. Kwa hiyo fundi hodari haongezi moto ili amalize mapema. Huongeza hewa.

Kilo kumi za maembe, ukishatoa maganda, makokwa na maji, hubakiza kama kilo moja. Wanunuzi hulalamikia bei ya kipakiti kwa kuwa hawajaziona zile tisa zilizokwenda. Na hata baada ya kukauka kazi haijaisha. Slesi hujaribiwa zikishapoa, kwa sababu tunda la moto hudanganya mkono, huonekana laini kuliko lilivyo. Huwekwa katika chupa kubwa ya kioo bila kujazwa sana, hutikiswa kila siku kwa wiki nzima ili unyevu uliobaki ugawane sawasawa kati ya slesi kavu na zile zenye majimaji. Ukiona tone au ukungu upande wa ndani wa kioo, zote zinarudi kwenye kaushio. Ni hatua isiyogharimu kitu ila subira, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Wakati tunahangaika na wavu na nyuzi joto, mbuyu hucheka. Tunda lake hujikausha lenyewe likiwa linaning'inia, ndani ya kibuyu chake kigumu, na likivunjwa hutoa unga mkavu na mkali ambao tayari umehifadhika. Kilichobaki ni sukari, hiliki, pilipili kidogo na ile rangi nyekundu, na Mombasa nzima inanyonya mabuyu. Pembeni yake huuzwa achari ya mitaani, vijiti vya embe lililokaushwa na kukolezwa sukari, pilipili na rangi hiyohiyo. Sina ugomvi na utamu wake. Ila rangi inaficha mengi, na embe lililokauka vizuri lina rangi yake ambayo haihitaji msaada.

Milimani mambo hubadilika. Lushoto, katika Usambara, hupandwa plamu, pichesi na peasi, matunda ambayo pwani hayaoti, na ukungu wa huko haumruhusu mtu kutegemea jua. Huko chupa na moto ndivyo vinavyotumika. Njia yenyewe ilitangazwa na Mfaransa Nicolas Appert, mpishi na mtengeneza peremende, aliyepewa na serikali yake faranga 12,000 mwaka 1810 kwa kuonyesha kwamba chakula kilichozibwa ndani ya chupa ya kioo na kuchemshwa hakiozi. Hakujua ni kwa nini. Louis Pasteur alikuja kueleza sababu nusu karne baadaye, wakati ambapo mabaharia walikuwa wameshakula vya chupa na makopo kwa miaka mingi. Napenda kisa hicho kwa sababu kinaonyesha mpangilio wa kweli wa mambo: mkono ulitangulia, maelezo yakafuata.

Plamu hutobolewa kwa sindano ili ngozi isipasuke, hupangwa katika chupa ya mdomo mpana iliyopashwa joto kwanza, maana chupa baridi ikikutana na shira ya moto hupasuka. Shira humiminwa, nafasi ya kama sentimita moja na nusu huachwa juu, ukingo hupanguswa, kifuniko hufungwa bila kukazwa kwa nguvu. Chupa husimamishwa katika sufuria yenye kitambaa chini, maji yazifunike kabisa, yachemke. Hapo ndipo mlima unapodai chake. Katika mwinuko wa Lushoto, kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa na nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Yanatokota vilevile, mapovu ni yaleyale, lakini hayana nguvu ileile. Plamu za chupa ya nusu lita ambazo pwani huchemshwa dakika 20, huko zinahitaji 30. Mtu aliyejifunza Tanga akahamia Lushoto bila kuambiwa hivyo ataharibu chupa zake akiwa amefuata kila kitu sawasawa. Na tunda nalo lina lake: plamu na nanasi ni kali za kutosha, lakini papai na ndizi ziko juu ya ule mpaka wa 4.6, na embe lililoiva sana huukaribia, kwa hiyo hazichemshwi katika chupa bila kuongezewa maji ya ndimu ya kutosha.

Chupa zikitolewa hupangwa juu ya kitambaa, mbali na upepo, zisiguswe. Zikipoa, hewa ya ndani hunywea na kuuvuta mfuniko, nao hubonyea katikati kwa mlio mdogo. Mlio huo ndio cheti. Chupa ambayo mfuniko wake unadunda chini ya kidole asubuhi yake haiendi kabatini, inaliwa siku hiyo.

Soko la vitu hivi lipo, hasa Ramadhani inapokaribia na kila nyumba inataka achari ya kuweka kando ya biriani. Tanzania ina SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, ambalo hufundisha usindikaji wa matunda na kumwelekeza mtu namna ya kufungasha na kutafuta alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango. Ni msaada wa kweli. Kipimajoto na karatasi ya kupimia pH vinamwokoa anayeanza na makosa ambayo shangazi aliyaepuka kwa kusimama miaka kando ya mama yake. Ninachosikitikia ni pale mkufunzi anapoingia darasani akidhani wanawake waliokaa mbele yake hawajui kitu. Nimewahi kukaa nyuma ya darasa la namna hiyo. Mkufunzi alieleza kwa ubao na chaki kwamba chombo kiwe kikavu, na akina mama wakatazamana. Angewauliza wao kwanza wanajuaje kwamba kipande kimekauka, angepata somo ambalo halimo katika kijitabu chake, kisha yeye naye angewapa lile la mpaka wa 4.6, ambalo wengi wao hawakuwa wamelisikia.

Tatizo jingine ni sisi walaji. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na hiyo si hatia. Hatia ni kubishana juu ya shilingi mia tano kwa chupa ambayo imebeba siku tatu za jua, wiki za kutikiswa, na mkono uliojua kuanua saa kumi. Siki na rangi ni rahisi kupata. Ukinunua achari, itikise kwanza uone kama mafuta yamefunika vipande, soma tarehe, kisha lipa bila kunung'unika.

Na kama unataka kujaribu mwenyewe, usianze na embe. Anza na ndimu kumi na mbili, chumvi ya mawe na chupa moja iliyokaushwa vizuri juani, uone kama una subira ya kutoigusa mwezi mzima. Maembe yatakuwepo tena kaskazi ijayo.